Siku yangu na samaki wa Kigoma: kila mahali na uzazi wake

Saa 11:00 alfajiri. Mwalo wa Kibirizi umeshaamka. Mitumbwi ya dagaa inaingia na taa za sola zikiwa bado zinawaka, akina mama wachuuzi wamejipanga na ndoo zao, na mimi, mtafiti wa samaki, nazunguka na mizani ndogo, rula na wembe. Kazi yangu ya asubuhi ni kuombaomba: konzi moja mtumbwi huu, konzi moja ule. Nawapima dagaa urefu, nawapasua tumbo, naandika nani ana mayai na nani hana.

"Kaka, hao unaowachezea wangekuwa mboga," ananitania dada mmoja.

"Nikimaliza wanakuwa mboga, dada. Usiwe na wasiwasi."

Dagaa wetu hafiki sentimita 10 kwa kawaida, na umri wake ni kama mwaka mmoja tu. Anaishi ziwa kuu, mbali na jiwe au jani lolote la kufichia mtoto. Kwa hiyo halei. Anamwaga mayai mengi majini na kuendelea na safari. Mayai yanazama huku yakikua, na yanatotoa ndani ya siku moja au mbili. Wepesi huo una sababu. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, lakini huku kaskazini, ukishuka mita 100 na ushee, oksijeni inaanza kwisha. Yai linalochelewa linazama kusiko na uhai.

Saa 2:00. Petroli, mitungi ya hewa, chapati mbili. Tunaondoka.

Saa 3:30. Mbizi ya kwanza, kwenye mawe. Hapa hesabu ya uzazi imegeuka kabisa. Kila ufa una mdomo unaosubiri yai la mwenzake, kwa hiyo samaki wengi wa mawe wamehamishia kitalu mdomoni. Naangalia majike wa Tropheus, wale weusi wenye mkanda wa rangi wanaoparura ukoga siku nzima. Jike anataga mayai machache sana, mara nyingi hayafiki 20, lakini kila yai ni kubwa kuliko punje ya mtama. Anayabeba mdomoni karibu mwezi mzima, na bado anaparura ukoga ili watoto walio ndani wapate chakula. Unamtambua kwa kidevu kilichotuna na kwa woga wake: ukimsogelea anajibana kwenye ufa, hatoki.

Mdomo nao si salama kama unavyodhani. Kuna ngogo mmoja wa madoadoa, Synodontis multipunctatus, anayejipenyeza kati ya jike na dume wakati wanataga, anaangusha mayai yake, na jike anayaokota pamoja na ya kwake. Ngogo hao wanatotoa mapema, kisha wanawala watoto wa mwenye mdomo humohumo ndani. Kila nikimwona najikuta namchukia, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu si la kitaaluma hata kidogo.

Baadhi ya mawe yana utelezi wa tope. Vilima vya juu vimelimwa hadi kileleni, na mvua zikinyesha udongo wote unakuja huku. Mparura ukoga hawezi kuparura tope.

Saa 5:30. Mbizi ya pili, ndiyo niliyokuwa naisubiri. Chini kuna mchanga, na juu ya mchanga makombe matupu ya konokono, Neothauma, yametapakaa. Maji ya ziwa hili yana chokaa nyingi, kwa hiyo kombe haliozi haraka. Linabaki miaka na miaka, na limegeuka nyumba.

Mwenye mji hapa ni dume la Lamprologus callipterus. Nalala kifudifudi kwenye mchanga, penseli mkononi, namtazama. Anakuja na kombe mdomoni, kalishika kwenye ukingo, mwili unayumba kwa uzito. Analitua kwenye rundo lake, analisukuma kwa pua hadi tundu linatazama juu. Kisha anaondoka, na safari hii simwoni akienda kwenye mchanga mtupu: anaenda kuiba kwa jirani. Jirani anarudi, wanakimbizana, kombe linadondoka katikati.

Majike wako ndani ya makombe. Kila mmoja amejikunja humo na mayai yake kwa takriban wiki mbili. Ili aingie ni lazima awe mdogo, na ili dume abebe makombe ni lazima awe mkubwa. Ndiyo maana dume anaweza kuwa na uzito mara 12 wa jike. Kombe limewavuta pande mbili. Na kwenye sehemu za ziwa ambako makombe ni madogo, majike nao ni wadogo.

Halafu kuna madume vibeti, wembamba kama njiti, waliozaliwa hivyo na watabaki hivyo. Kibeti haji na kombe wala hapigani. Anateleza pembeni ya jike, anajibanza kwenye ncha ya ndani ya kombe, na anarutubisha mayai akiwa huko huko, mwenye mji akiwa mlangoni analinda. Leo nimemwona mmoja akitoa mkia tu.

Saa 8:00. Ugali wa muhogo na mgebuka, kimya kimya, njaa ya maji si mchezo.

Saa 9:00 hadi 11:00. Kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Sina la kusimulia.

Saa 12:00 jioni. Napita kwa mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, kiti. Kwenye beseni lake kuna kuhe wawili wakubwa, jike na dume, wamevuliwa pamoja. Kuhe hutaga maelfu ya mayai kwenye kina kifupi, na wazazi wote wawili wanalinda watoto bila kula. Watafiti wengi wanaamini huzaa mara moja tu, kisha hufa. Ukiwatoa wazazi, watoto wote wanaliwa kabla hujafika nyumbani.

"Kokoro?" nauliza, yaani ule wavu wa kukokota.

"Mwanangu, usiniulize."

Ananikumbusha kwamba ziwa lilifungwa kwa uvuvi 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na kwamba dagaa hupata nafuu. Nakubali: samaki anayeishi mwaka mmoja na kutaga ovyo anaweza kurudi upesi. Ila ziwa likifunguliwa, kokoro likapita juu ya makombe, linazoa nyumba, majike na mayai kwa mvuto mmoja, na miezi mitatu hairudishi makombe. Namwambia kwamba mimi ningepiga marufuku kwa mahali, si kwa tarehe peke yake.

"Tuvue wapi sasa?"

"Nje, mzee. Maji mengi."

"Nje panataka injini na petroli. Kokoro linataka kamba na vijana."

Ananiwekea chai. Tunabishana bei ya petroli hadi giza linaingia.