Fungu la paka

Watu wa Mji wa Kale wa Mombasa hawahitaji kuelezwa habari za paka. Wamejaa barazani, juu ya kuta na chini ya meza za wauza samaki, na ni nadra kumwona mtu mzima akiwarushia jiwe. Wazee wetu wamelelewa na hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki, na wameisikia pia ile ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba mnyama huyo si najisi bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo mtu anayeingia katika nyumba ya namna hii na kumwambia mzee kwamba anamlisha paka wake vibaya, anagusa dini ya mzee huyo na ukarimu wake kwa pamoja, na asishangae akijibiwa kwa kimya.

Nayaandika haya kwa sababu tangu mwaka jana nimekuwa nikijaribu, polepole na kwa kuuchunga ulimi, kubadilisha chakula cha paka wawili wa shangazi yangu na ami yangu. Hao ni ndugu wawili wa baba, mmoja mjane na mwingine karani mstaafu wa bandarini, wanaoishi pamoja katika nyumba ya familia huko Kibokoni. Paka dume, Sultani, alihasiwa zamani na amenenepa hata akiruka kutoka kitini sakafu inamsikia. Jike, Kaniki, ni mweusi, mzee, amepoteza baadhi ya meno, na miezi ile alikuwa amekonda, akiharisha mara kwa mara, jambo ambalo shangazi alilisingizia hari.

Chakula chao kilikuwa kile cha nyumba. Asubuhi walipewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na ndani yake kipande cha mkate. Ami alimkatia Sultani hamri na kulichovya katika chai yake mwenyewe. Adhuhuri ulikuja wali wa nazi uliorowekwa mchuzi wa samaki, pamoja na vichwa na matumbo mabichi ya samaki yaliyobaki ubaoni. Usiku walikula chochote kilichosalia, hata kama ni biriani. Hakuna aliyekuwa mchoyo katika nyumba hiyo, na kwa hakika paka hao walikula kwa hamu kuliko wajukuu.

Tatizo ni kwamba paka ameumbwa kuwa mla nyama halisi, na mwili wake hauwezi kujitengenezea baadhi ya vitu ambavyo mwili wa binadamu, au hata wa mbwa, unavitengeneza. Kimojawapo ni taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki, hasa katika misuli inayofanya kazi nyingi kama moyo. Paka akiikosa kwa muda mrefu macho yake huharibika na anaweza kupofuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu huohuo hudhoofisha misuli ya moyo, na baada ya hapo watengenezaji wa chakula cha paka wakaongeza taurini katika bidhaa zao. Wali na mkate havina taurini. Humjaza paka tumbo, na nafasi ya nyama ikawa imekwisha.

Maziwa ni kisa kingine. Paka wengi wakishaachishwa kunyonya hupoteza kimeng'enya cha kusagia sukari ya maziwa, kwa hiyo maziwa ya ng'ombe huwaendesha. Mwenye tumbo gumu kama Sultani haharishi, lakini ananenepa: paka wa kilo 4 anahitaji kalori kama 200 hadi 250 kwa siku nzima, na kikombe kidogo cha chai kilichojaa maziwa yenye mafuta yake yote hukaribia 120. Samaki mbichi nao wana lao. Wengi wa jamii ya dagaa wana kitu kinachovunja vitamini B1, na paka aliyezoea kula hao tu huweza kulegea shingo na kuyumba; moto wa sufuria hukiua kitu hicho. Lakini kilichonitia hofu zaidi kuliko vyote ni mchuzi, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu thomu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Na ni mchuzi gani wa Mombasa usio na vitunguu viwili hivyo?

Yote haya aliwahi kuyasema jamaa yetu mmoja aliyekuja likizo kutoka ng'ambo, tena mbele ya wageni, huku akisoma kutoka kwenye simu yake. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie elimu," kisha akaenda jikoni na kuwamiminia paka maziwa hadi ukingoni. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Jamaa yule hakukosea hata neno moja, lakini alimfundisha mwanamke aliyelea watoto sita, na vizazi visivyohesabika vya paka, kwamba hajui kulisha. Tangu hapo habari ya chakula cha paka ilikuwa haizungumziki, na ilibidi niiache ipoe kabla ya kuigusa.

Nilipoirudia, sikuanza na paka. Nilianza na jiko, kwa kwenda mapema siku za Jumamosi kumsaidia shangazi kuparua samaki. Siku moja, kabla hajakaanga vitunguu, nilimwomba ruhusa nichemshe minofu miwili mitatu pembeni kwa maji matupu, bila chumvi, kwa ajili ya Kaniki ambaye tumbo lilikuwa linamsumbua. Mgonjwa kupikiwa chakula chepesi ni jambo ambalo kila mwanamke wa pwani analifahamu, na shangazi hakuhitaji maelezo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichambua mifupa kwa vidole, kisha akaupoza mchuzi ule mweupe na kumnywesha paka. Hilo la mchuzi lilinifurahisha kimyakimya, kwa kuwa taurini huyeyuka na kuingia katika maji ya kuchemshia, na anayeyamwaga maji hayo anaimwaga pamoja nayo. Isitoshe, paka kwa asili hunywa maji kidogo, na katika joto letu kila tone linalopita na chakula ni faida kwa figo za paka mzee.

Baada ya hapo likazuka jina ambalo sikulitunga mimi. Shangazi alianza kuuliza, "Fungu la paka limeshatolewa?" kabla ya kutia viungo. Nadhani hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa kuwa fungu hutengewa mtu anayehesabiwa. Zamani paka walikuwa wakila mabaki, na sasa wanatolewa chao kwanza, kabla ya ami, kabla ya wageni. Kwa hesabu ya daktari wa mifugo chakula kimepungua, lakini kwa macho ya shangazi heshima imeongezeka, na sioni sababu ya kumwondoa katika mtazamo huo ambao kwa kweli ni sahihi. Mzee mkarimu hawezi kuambiwa apunguze ukarimu. Anaweza kuonyeshwa pa kuupeleka, na akiupata mwelekeo hahitaji tena kusukumwa.

Maziwa yalichukua muda zaidi, maana yalikuwa na saa yake: baada ya swala ya alfajiri, shangazi na paka wawili, nyumba bado kimya. Nilitambua kwamba nikiyaondoa maziwa nitaondoa na kikao kile, ambacho tangu afariki mumewe ndicho mazungumzo yake ya kwanza ya siku. Kwa hiyo kikao kilibaki na bakuli likabaki. Kilichobadilika ni kilichomo, kwanza maziwa yaliyozimuliwa kwa mchuzi wa kuku usio na chumvi, kisha mchuzi zaidi na maziwa kidogo, mwishowe mchuzi mtupu uliopashwa moto kidogo ili harufu yake ipande. Kaniki aliacha kuharisha. Shangazi alisema hari imepungua, nami nikakubaliana naye.

Ami ni mtu wa namna nyingine. Yeye hashawishiki kwa huruma bali kwa tarakimu, na bado anaandika matumizi ya nyumba katika daftari lenye mistari miwili myekundu. Kwake nilipeleka mizani. Paka hakubali kukaa juu ya mizani ya sakafuni, lakini ami anaweza kupanda akiwa amempakata, kisha akapanda peke yake, na tofauti ya namba mbili hizo ndiyo uzito wa paka. Sultani alizidi kilo 7. Ami aliinyamazia namba ile, akaiandika, akaipigia mstari, halafu akaniuliza kwa sauti ya ofisini ilipaswa kuwa ngapi. Nilimjibu kwamba paka wengi wa kawaida huwa baina ya kilo 4 na 5, na kwamba hapaswi kupunguzwa kwa pupa, kwa kuwa paka mnene akishindishwa njaa hata kwa siku chache, mafuta hukimbilia kwenye ini na anaweza kufa. Mwendo wa salama ni kama asilimia moja ya uzito kwa wiki, ambayo kwa Sultani ni gramu 70 hivi, kiasi ambacho mizani ile haiwezi hata kukionyesha. Ndiyo maana tunapima mwisho wa mwezi tu. Ami aliipenda sana hoja hiyo ya subira, labda kwa sababu ilimpa miezi mingi ya kuandika.

Kuhusu chakula cha dukani, sikutaka kukileta kama badala ya kupika. Bei yake kwa mstaafu si mchezo, na kopo la jodari linalouzwa kwa ajili ya watu si chakula cha paka, lina chumvi na halijakamilika. Lakini minofu na kuku vitupu pia havitoshi kwa maisha yote, kwa kuwa nyama bila mifupa haina kalisi ya kutosha. Maini nayo, ambayo shangazi angewapa kila siku kwa sababu ni laini, yakizidi humpa paka vitamini A kupita kiasi na kumkakamaza uti wa shingo. Tulifika mahali pa katikati: chakula kamili cha paka cha punje kavu za dukani, kilichopimwa kwa kikombe kimoja kidogo kisichobadilika na kulainishwa kwa mchuzi kwa ajili ya meno ya Kaniki, ndicho msingi, na fungu la jikoni, yaani samaki aliyechemshwa, au moyo na firigisi za kuku kutoka soko la Marikiti, ndilo kitoweo. Mfuko wa punje naununua mimi, nauleta pamoja na unga na sukari katika kapu lilelile la kila mwezi, na hakuna anayeutaja. Punje zenyewe tuliziingiza kwa kuchanganya kidogokidogo kwa wiki mbili hivi, maana tumbo la paka halipendi mageuzi ya ghafla, wala wazee hawayapendi.

Hamri limeshindikana. Nilimweleza ami kwamba paka hata utamu hausikii, kwamba mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kuwa jeni moja ya kipokezi cha utamu katika ulimi wake haifanyi kazi, hivyo sukari ile ya chai inapotea bure. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi nitamkatia lisilochovywa." Kipande kimekuwa kidogo kama ukucha, na kimepewa safu yake katika daftari. Nimekiacha. Siyo kila kitu anachokula paka ni lazima kipite mikononi mwangu, na mzee wa miaka themanini na kitu ana haki ya kuvunja sheria moja katika nyumba yake.

Jambo linalonishughulisha sasa ni Ramadhani, kwa kuwa saa za jiko zitapinduka. Mchana hakutakuwa na moto, magharibi meza itajaa sambusa na katlesi zenye vitunguu tele, watoto watakuja kufuturu na kila mmoja atataka kumtupia Sultani chake chini ya meza. Shangazi ameshapanga kabla sijasema neno: fungu litachemshwa usiku pamoja na maandalizi ya daku, nusu wapewe wakati huo, nusu iwekwe katika friji na kupashwa kabla ya adhana ya magharibi, ili waingie futarini wakiwa wameshiba. Kuhusu watoto, amesema atazungumza nao yeye. Ami ameomba tarehe ya kupima uzito isogezwe mbele hadi baada ya Idi, na ombi lake limekubaliwa.