Nilivyopambana na njaa ya watoto kabla ya upasuaji

Nilipokubali kwenda nje ya nchi na timu ya upasuaji wa mdomo sungura, nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa njaa. Mizani ya vichanga, mirija midogo, sindano, hata vibandiko vya katuni, vyote nilifungasha. Nikapangiwa wodi ya watoto wanaosubiri kuingia thieta, kazi ambayo kila mtu aliiona nyepesi.

Siku ya kwanza walikuwa 12. Amri ilikuwa moja kwa wote: ikishapita saa sita usiku, hakuna kula, kunyonya wala kunywa. Ila thieta ilikuwa na meza mbili tu, na wa mwisho, wa miezi saba, aliitwa saa tisa alasiri. Hesabu mwenyewe. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha. Nilipompima, sukari ilikuwa imeshuka. Mshipa wa dripu tuliupata mara ya nne, maana mtoto aliyekaukiwa maji mishipa yake hujificha.

Siku ya pili mama mmoja alishindwa kuvumilia. Mwanawe alikuwa na mwanya wa mdomo tu, kaakaa, yaani paa la kinywa, halikupasuka, kwa hiyo alikuwa ananyonya vizuri. Alijifunika shuka, akamnyonyesha. Tulijua mtoto alipocheua mlangoni mwa thieta, upasuaji ukaahirishwa. Wenzangu walimkasirikia sana. Mimi sikuweza, ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Kupitia mkalimani tulikuwa tumemwambia asinyonyeshe, basi. Sababu hakuambiwa na mtu.

Jioni nikamfuata daktari wa usingizi. Nikamwambia, daktari, mimi na wewe tunajua utaratibu: chakula na maziwa ya kopo yasimamishwe muda wa saa sita kabla ya usingizi, maziwa ya mama muda wa saa nne, maji matupu muda wa saa mbili. Sasa kwa nini tunawafungisha wote sawa?

"Kwa sababu, sista, hakuna wa kuamka saa kumi alfajiri kuwahudumia mmoja mmoja."

"Nitaamka mimi."

Akacheka, lakini akakubali. Tukaipanga upya orodha: vichanga kwanza, wakubwa baadaye. Kila mtoto nikambandika plasta pana mgongoni, mahali asipofika kuibandua, nikachora titi na kikombe. Muda wa kunyonya ukiisha, nakata titi kwa kalamu nyekundu. Muda wa maji ukiisha, nakata kikombe. Mchoro wangu wa titi ulifanana zaidi na yai la kukaanga, na wodi nzima ilinicheka, jambo ambalo lilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Ikabaki ile sababu. Nikachukua chupa ya maziwa, nikalegeza kifuniko, nikailaza mezani. Maziwa yakamwagika. Nikaonyesha tumbo, nikapandisha kidole hadi kooni, kisha nikakishusha kifuani upande wa mapafu na kujifanya nimepaliwa. Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi hawezi kukohoa kujiokoa. Hilo mkalimani alilimalizia. Yule mama wa siku ya pili aliniangalia mpaka mwisho bila kusema neno. Baadaye nikamkuta kitandani kwa mgeni aliyefika mchana, ameshika chupa, anarudia somo lote, hadi kikohozi changu.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Siku ya tatu umeme ulikatika, orodha ikasogea kwa saa tatu, na plasta zote zikawa za uongo. Nilizunguka na kalamu na kikombe, nikihesabu upya kwa sauti kama mwehu, nikarudisha maji kwa wanne na titi kwa mmoja, kila mara baada ya kumuuliza daktari. Hakuna aliyeahirishwa.

Mtoto wa yule mama alirudishwa kwenye orodha siku ya nne, wa kwanza, saa mbili asubuhi. Saa kumi alfajiri nikaenda kumwamsha nikiwa na kalamu yangu. Nilimkuta ameketi, mtoto kalala kifuani kwake, ameshiba. Akamgeuza taratibu anionyeshe mgongo. Titi lilikuwa limeshakatwa, kwa penseli ya macho.