Jinsi nilivyoacha kupoteza mawimbi kwenye osiloskopu yangu

Faili mojawapo liliitwa WAVE0017, na tarehe yake ilikuwa 1 Januari 1980. Mteja amesimama mlangoni, inveta yake ya sola iko mezani kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, anataka kujua kama ni ugonjwa uleule. Nilikumbuka vizuri kwamba mara ya kwanza niliyapima mapigo yanayoendesha transista zake nikayahifadhi kwenye flopi, ile diski ya zamani ya plastiki. Lakini kwenye flopi hiyo kulikuwa na mafaili arobaini na kitu, yote ya tarehe ileile, na sikuweza kujua lake ni lipi. Ikabidi nianze upya, siku nzima ikaenda.

Osiloskopu yangu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, niliinunua mtumba. Ina mlango wa flopi ya inchi 3.5, haina tundu la USB, na kwa upimaji bado naiamini kabisa. Kasoro ilikuwa betri ya saa iliyokufa: mfumo wa mafaili wa flopi huanza kuhesabu tarehe mwaka 1980, kwa hiyo kifaa kisichojua leo ni lini hurudi mwanzo. Kabla ya kuigusa betri nilisoma kitabu cha ukarabati, na ninamsihi kila fundi afanye hivyo. Kwenye baadhi ya vifaa betri hiyo ndiyo inayoshikilia namba za kalibresheni, zile zinazosahihisha vipimo. Ukiing'oa ovyo, unabaki na skrini inayowaka na vipimo vya uongo.

Kisha nikatazama nafasi. Flopi ni MB 1.44 tu. Picha moja ya skrini, nukta 640 kwa 480 kwa rangi 16, inakula KB 150, kwa hiyo zinaingia tisa. Jedwali la CSV, yaani namba za wimbi kwa maandishi, lenye nukta 10,000 linapita KB 200. Wimbi hilohilo likihifadhiwa kwa mfumo wa ndani wa kifaa, baiti mbili kwa kila nukta, ni kama KB 20. Siku hizi nahifadhi hivyo, CSV naitengeneza baadaye kwenye laptopu. Picha napiga moja kwa kila kazi. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: orodha kuu ya flopi haipokei majina zaidi ya 224 hata kama nafasi imebaki. Ukifungua folda, kikwazo hicho huondoka.

Majina ndiyo yaliyoniokoa. Herufi za jina la faili ni nane tu, basi nne za kwanza nikazifanya namba ya kazi kama ilivyo kwenye daftari, mbili mahali nilipopima, mbili za mwisho kipimo cha ngapi. 0347GT02 ni kazi ya 347, geti (mguu wa transista unaopokea mapigo), kipimo cha pili. Daftarini naandika probu, waya wa kupimia, ilikuwa mara 10 au mara 1, inveta ilikuwa na mzigo wa wati ngapi, na waya wa graundi niliubana wapi. Jina lifupi bila daftari halisemi kitu. Pamoja na wimbi nahifadhi mpangilio wa vitufe, faili dogo sana. Nikiuita tena, volti, muda na triga (inayoamua wimbi lianze kuchorwa wapi) vinarudi vilevile, na hapo ndipo wimbi la zamani na la leo vinaweza kulinganishwa kwa haki.

Kilichobaki kilikuwa flopi zenyewe. Unyevunyevu wa Dar es Salaam hauzionei huruma. Fundi mzee aliyenifundisha kazi alisogeza kile kibati akanionyesha madoa meupe ndani: "Mwanangu, yenye ukungu usiiingize hata kwa kujaribu. Itachafua kichwa, na kichwa kitazikwaruza nzima." Nilisafisha kichwa hicho kinachosoma flopi kwa pamba na spiriti, lakini flopi mpya ni za kutafuta kwa tochi, Sony yenyewe iliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Mwishowe nikafunga Gotek, kile kisanduku kinachojifanya flopi huku kikisoma flashi. Mlango wangu wa flopi ulikuwa aina nyembamba ya utepe wa njia 26 na Gotek ina pini 34, hivyo nilihitaji kibao cha kuunganishia katikati. Flashi moja sasa inabeba mamia ya flopi za kufikirika, na kila jioni nainakili kwenye laptopu kabla sijafunga karakana.

Juzi imekuja inveta iliyowahi kupita mikononi mwangu. Nikafungua daftari, nikaita mpangilio wa 0347, nikaliweka wimbi la zamani juu ya la sasa. Mapigo yaliyokuwa volti 15 yameshuka hadi 11. Nilibadilisha kapasita mbili zilizokauka kwenye umeme wa saketi inayoendesha geti, mapigo yakasimama tena mahali pake, nikayahifadhi kwa jina la 0512GT02.