Faili Kwanza, Andiko Baadaye: Siku Moja Ofisini Kwetu Muheza

Mimi ni mratibu wa shirika dogo hapa Muheza, mkoani Tanga. Tunawasaidia wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Wizara ya Elimu iliwaruhusu kurudi Novemba 2021, kwa Waraka Na. 2 wa mwaka huo. Lakini binti mwenye mtoto wa miezi minane hawezi kukaa darasani kama hakuna wa kumshikia mtoto. Pesa tunayoitafuta ni ya hapo: posho ya walezi, uji, sare, nauli.

Shirika kubwa lililokuwa likitupatia fedha lilizipata kutoka Marekani. Januari 2025 serikali ya huko iliposimamisha misaada yake ya nje, na sisi tukapata barua. Tangu hapo tunajiandaa kuomba ruzuku wenyewe, kwa jina letu. Hii ni Jumanne moja katika maandalizi hayo.

Saa 11 alfajiri

Naamka, naswali, najaza chai kwenye chupa. Umeme ukikatika mchana hakuna wa kuchemsha.

Saa 1 na nusu asubuhi

Mhasibu wetu ameshafika, mafaili yamejaa mezani. Watu wengi wakisikia tangazo la ruzuku wanakimbilia kuandika andiko la kuomba fedha. Nami nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote tulikatwa kabla wazo letu halijasomwa. Tulipeleka cheti cha usajili na katiba, tukakosa uthibitisho wa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali kwamba ada na taarifa za mwaka ziko sawa, tukakosa na hesabu zilizokaguliwa.

Kwa hiyo leo tunapitia vocha zote za malipo za mwaka jana kabla mkaguzi wa hesabu hajaja. Kila vocha iwe na ombi, idhini, risiti na saini ya aliyepokea. Nachukua moja ya Machi: maziwa ya unga na sabuni, Sh 184,000. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, imebanwa kwa nyuma. Naigeuza, naona karatasi nyeupe. Tunaisogeza dirishani, tunailaza hivi na vile. Yanaonekana maandishi TIN na nusu ya tarehe, basi. Risiti hizi huchapwa kwa joto, na chini ya bati la ofisi yetu maandishi yake hayamalizi mwaka.

Watoto waliyanywa maziwa yale, niliwaona kwa macho yangu. Kwa mkaguzi hayo ni matumizi yasiyo na kielelezo.

Tunazikuta 11 za namna hiyo. Mhasibu, dada wa watu, ananyamaza, machozi yanamlenga. Namwambia, "Mdogo wangu, hili ni letu sote. Hakuna aliyekuambia utoe kopi." Saba ni za maduka ya hapa mjini, atayapitia leo kuomba nakala zenye mhuri. Nne zilizobaki tutamweleza mkaguzi kama zilivyo. Kuanzia leo, risiti inatolewa kopi siku ileile.

Saa 4 asubuhi

Fomu ya maombi ya ruzuku inataka mihtasari ya vikao vinne vya bodi. Tunayo mitatu. Kikao cha Septemba hakikutimiza akidi: katiba yetu inataka wajumbe watano kati ya saba, walikuja watatu. Mjumbe mmoja ananishauri kwenye simu tuuandike tu, wenzetu wasaini. "Si tulikubaliana yote kwa simu?"

"Kaka, hapana," namwambia. Nikiandika kikao ambacho hakikukaa, kesho nani ataamini karatasi yangu inayosema binti fulani alipewa sare? Tutawaandikia wafadhili kwamba akidi haikutimia, na tutaitisha kikao kingine.

Nachukua bodaboda hadi kwa mweka hazina wetu, mzee anayelima machungwa. Namkuta anapalilia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunigombeza kwa Septemba?"

Namuuliza nini kilimzuia. Anajifuta mikono taratibu kabla ya kujibu. "Boda kwenda na kurudi elfu sita. Siku ile sikuwa nayo, nikaona haya kusema."

Miezi yote hii nilidhani ametuchoka. Na watatu wengine ambao hawakuja wanaishi mbali kuliko yeye.

Saa 8 mchana

Narudi kwenye bajeti. Nauli ya wajumbe wa bodi inaingia kwenye gharama za uendeshaji, vikao vinne kwa mwaka, bila kuionea aibu. Sera ya fedha nayo narekebisha: anayeomba pesa, anayeidhinisha na anayelipa wawe watu watatu tofauti. Tuko wanne tu ofisini, kwa hiyo malipo makubwa yataidhinishwa na mzee. Naandaa pia barua ya kumpelekea Msajili na Hazina mkataba tukiupata, maana ukizidi Sh milioni 20 una siku 10 tu za kuupeleka.

Saa 10 jioni

Napita kituo chetu cha kulelea watoto kuchukua daftari la mahudhurio ya watoto. Mlezi mmoja anaumwa homa. Binti wa kidato cha pili ametoka shuleni mapema, anafanya hesabu huku mwanawe amelala mapajani, kalamu ameishika juu juu asimwamshe. Nakaa, nampokea mtoto. Anamaliza maswali manne yaliyobaki.

Saa 2 usiku

Mhasibu ananitumia picha: nakala tano zenye mhuri, mbili ameambiwa arudi kesho. Nawaandikia wajumbe wote saba: "Kikao Jumamosi saa 4 asubuhi. Ajenda: hesabu za mwaka, sera ya fedha, maombi ya ruzuku. Nauli inatumwa Ijumaa kwa simu." Wa kwanza kujibu ni mzee: "Nitakuwepo. Niletee na hayo mahesabu niyasome kabla."

Naziweka kwenye bahasha.