Gari la shule la kesho, swichi iwe siti ya nyuma

Ukianzisha stori ya usafiri wa watoto wa shule hapa Mtwara mjini watu wanakimbilia mabasi ya umeme, oh gesi ya Mnazi Bay tunayo, oh mbona Dar wana mwendokasi. Sawa, yaje. Ila mi naangalia kile kipanya kinachopita mtaani kwetu Chuno alfajiri, siti ya watatu wamebanana watano, wengine wamepakatana na mabegi mgongoni, halafu ngazi ya mlangoni iko juu mpaka mtoto wa chekechea anatanguliza magoti, anajivuta, ndo anasimama. Hapo hata ukiweka betri bado ni gari la watu wazima.

Na sisi huku hatuhitaji kuhadithiwa. Julai 2022 Hiace ya wanafunzi ilitumbukia shimoni kule Mikindani, watoto wakafa, ikaelezwa breki zilifeli. Kwa hiyo breki kwanza, rangi ya njano na michoro ya katuni baadae.

Kilichonikaa kichwani zaidi ni cha Wajapani. Septemba 2022, mji wa Makinohara, mtoto wa miaka mitatu alisahaulika ndani ya basi la chekechea juani, akafariki. Aprili 2023 sheria ikaanza, mabasi hayo yafungwe kifaa cha kuzuia mtoto kusahaulika. Aina moja ni rahisi mno: dereva akizima injini kengele inalia, na swichi ya kuinyamazisha iko nyuma kabisa ya gari, atake asitake atatembea mpaka mwisho, na akipita atamuona aliyelala chini ya siti. Na joto la huku mnalijua, gari likifungwa vioo saa nne tu asubuhi hukai.

Nikamuuliza fundi umeme wa magari, akacheka, anasema ni buza na waya mrefu tu, zile zinazolia gari likirudi rivasi. Nikampelekea mwenye gari. Akauliza bei kwanza, kisha akasema matroni yupo, anahesabu watoto. Matroni mwenyewe anashukia njiani kwake kabla gari halijafika shule! Basi tumebishana mpaka akakubali kufunga moja tusubiri msimu wa korosho, wazazi wakilipa nauli za nyuma. Mkanda wa siti kagoma kabisa, maana mikanda mitatu ni watoto watatu, na yeye anataka watano.