Akataka kibao: mtoto aliyechelewa kusema, nyumbani au shuleni?

Tafakari ya juma. Somo: Luka 1:18–23 na 57–64

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alitoka hekaluni hawezi kusema na watu. Hapo wengi tunapakumbuka, na mwisho wake pia tunaukumbuka, kinywa kilipofunguliwa akamsifu Mungu. Katikati kuna mistari miwili tunayoiruka. Mstari wa 23 unasema alikwenda nyumbani kwake siku za huduma zilipotimia, maana yake kuhani asiyesema alimaliza kwanza zamu yake. Na mstari wa 63, siku ya kumpa mtoto jina, hakukaa kungoja ulimi ufunguke ndipo atoe neno lake. Akataka kibao, akaandika. Jina likajulikana, na ulimi ukafunguka baada ya hapo.

Somo hili ni kwa ajili ya wazazi ambao kila Januari inapokaribia hulala na swali moja: mtoto ana miaka mitano au sita, maneno yake yanahesabika kwa vidole, apelekwe shule, au abaki tumfundishe wenyewe nyumbani?

Kwanza tuondoe jiwe njiani. Ububu wa Zakaria ulikuwa ishara kwa mtu mzima aliyetilia shaka ahadi. Usiuhamishie kwa mtoto wako. Katika Yohana 9:3 Yesu anasema wazi: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Anayekuja na habari za laana ya ukoo, mkaribishe chai, kisha msomee mstari huo. Maombi ya uponyaji tunayaamini na tutaendelea nayo, ila hayajawahi kumzuia mtu kwenda kupima masikio.

Na ni masikio hasa tunayoanza nayo, kabla ya kuzungumza habari ya shule. Huku kwetu, kuanzia Njombe na Makete hadi milima ya Uporoto, baridi ya Juni na Julai inakuja na mafua yasiyokwisha. Mafua ya kurudia-rudia huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto wa namna hiyo akisikia mlango ukibamizwa anageuka, na familia nzima inasema, "Mbona anasikia!" Lakini sauti ndogo kama s, f na k zinampita, kwa hiyo maneno yanamfikia nusunusu. Kugonga sufuria hakupimi kitu. Fanyeni hivi: mmoja akae mbele ya mtoto akimchezesha bila kusema, mwingine asimame nyuma yake hatua moja, kivuli chake kisionekane, amwite jina kwa sauti ya chini, kisha achezeshe taratibu karatasi ya biskuti. Upande wa kulia, upande wa kushoto, siku mbili tofauti. Akipita vizuri bado apelekwe kupimwa, maana jaribio la nyumbani huonyesha tatizo lakini haliwezi kuthibitisha kwamba halipo.

Sikio likitoa usaha, zahanati ndiyo mahali pa kuanzia. Nyumbani kazi yako ni kulikausha: sokota utambi wa kitambaa safi cha pamba, uingize mpaka ulowe, utoe, uweke mwingine, hadi utambi utoke mkavu, angalau mara 3 kwa siku. Matone uliyopewa zahanati yanafuata baada ya kukausha, kwa kuwa dawa ikidondoshewa juu ya usaha haifiki. Mafuta ya kupikia, maziwa ya mama na maji ya majani visiingie humo. Uvimbe ukitokea nyuma ya sikio, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kuna na wale wanaoshauri mtoto akatwe kimeo, au akatwe chini ya ulimi, ili aseme. Kimeo hakina kosa lolote katika kuchelewa kusema, na wembe wa mtaani umeleta damu isiyokatika na maambukizi. Ngozi ya chini ya ulimi ikiwa fupi inaweza kugusa matamshi ya baadhi ya herufi, lakini haimfanyi mtoto akose maneno kabisa. Aiangalie daktari.

Umri nao tuuseme bila kuzungushana. Mwaka mmoja, mtoto ageuke akiitwa jina, na muda si mrefu aanze kuonyesha kitu kwa kidole. Mwaka mmoja na nusu awe na maneno machache. Miaka miwili aunganishe mawili, "mama njoo". Miaka mitatu mgeni aelewe sehemu kubwa ya anachosema. "Watoto wa kiume huchelewa, hata babu yake alichelewa" ni faraja inayokula miaka. Na aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza asisubiri hata mwezi. Mkienda, bebeni kadi ya kliniki na video ya dakika mbili kwenye simu akicheza nyumbani, kwa sababu mbele ya mtu wa koti jeupe watoto wengi hunyamaza kabisa. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache sana, hivyo sehemu kubwa ya kazi itarudi mikononi mwenu hata mkifika hospitali ya rufaa.

Lugha ya nyumbani msiitupe. Kinyakyusa, Kihehe au Kibena pamoja na Kiswahili havimcheleweshi mtoto. Kinachomchelewesha ni mama kuacha lugha anayoimudu na kubaki na amri tatu za Kiswahili: njoo, acha, kaa.

Sasa kibao, yaani picha ambazo mtoto atazigusa kueleza anachotaka. Mtoto asiyesema ana mambo ya kusema leo, na kumngojesha mpaka maneno yaje ni kumnyima miaka ya kueleweka. Chukua boksi, kata vipande vya sentimita 5 kwa 5, chora au bandika picha, funika kwa selotepu. Anza na mbili tu, na ziwe za vitu anavyovipenda sana: parachichi, mpira. Wengi huanza na choo kwa kuwa ndicho kinachowasumbua wao, halafu wanashangaa mtoto hana hamu. Choo, "nisaidie", "imetosha" na "naumwa" vifuate akishaona kwamba kugusa picha kunaleta kitu. Wewe mwenyewe uguse picha kila unapotamka neno lake, kisha nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni ndefu, na hapo ndipo bibi hushindwa kuvumilia akajibu kwa niaba ya mjukuu. Akigusa, mpe mara moja na uongeze neno moja: "Mpira. Mpira mkubwa." Usimwambie "sema kwanza ndipo nikupe", wala kibao kisinyang'anywe kama adhabu, wala kisitundikwe juu ukutani kama kalenda. Hofu kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema haina msingi. Kwa kawaida mtoto anayeeleweka ndiye anayejaribu na sauti.

Pale Iringa mjini, kwenye mgahawa wa Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mwaka 2003, wahudumu ni viziwi na mteja huandika anachotaka. Chai inakuja. Zakaria angekaa pale bila shida.

Turudi kwenye swali lenyewe. Sheria ya Elimu ya 1978 inalazimisha kila mtoto aliyefikia umri kuandikishwa shule ya msingi, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inalinda haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma kama wengine, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Kwa hiyo kumfundisha nyumbani kusiwe njia ya kumtoa kwenye daftari la shule. Mwandikishe, kisha panga na mwalimu mkuu na ofisa elimu maalumu wa halmashauri atakavyoanza: labda siku tatu kwa wiki, labda mpaka saa nne asubuhi kwa mwezi wa kwanza. Kila mnachokubaliana kiandikwe, na nakala ubaki nayo.

Msimamo wetu ni kwamba watoto wengi waliochelewa kusema wanafaa kuwa shuleni na watoto wenzao, huku kazi ya kuwajengea maneno ikifanyika nyumbani. Kumbakiza nyumbani muhula mzima kuna maana pale tu ambapo yupo mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, atakayekuwa naye kila siku. "Tutasaidiana" maana yake hakuna. Pigeni hesabu ya shamba pia: mpango unaopangwa Agosti, mahindi yakiwa ndani, unaonekana mzuri, halafu Desemba ni kupanda, Januari palizi na mbolea, na mwalimu wa nyumbani yuko shambani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto anabaki na katuni. Katuni inasema maneno mengi lakini haimsubiri ajibu.

Kosa la pili la shule ya nyumbani ni kugeuka kunakili. Unakuta daftari limejaa a e i o u, kurasa ishirini, na mwenye daftari hawezi kuomba maji. Maneno hukaa ndani ya kazi. Chukua kupukuchua mahindi: beseni katikati, gunzi moja lako, moja lake. "Pukuchua… pukuchua… tia!" Mara ya tano funika beseni kwa kiganja, mtazame, ngoja. Akikuangalia, akisukuma mkono wako, akitoa hata sauti ya "ti", amezungumza, fungua papo hapo, "Tia!" Dakika kumi za namna hiyo, mara nne kwa siku, zinashinda saa mbili za mezani. Na watoto wa jirani waitwe, kwa kuwa mtoto hupenda kuiga mtoto mwenzake.

Shuleni nako usimpeleke mikono mitupu. Andika karatasi moja ya mwalimu: anavyosema ndiyo na hapana, anavyoomba choo, anachoelewa, kinachomtisha, namba yako ya simu. Sentensi moja usiiache: "Asipojibu si kiburi." Watoto wa namna hii huchapwa kwa kunyamaza. Omba akae mbele, mbali na mlango, amwone mwalimu usoni, apewe agizo moja kwa wakati. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna anayesikia, na kwetu inanyesha Novemba mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo mwalimu aonyeshe picha au aandike ubaoni. Choo mkakifanyie mazoezi kabla ya siku ya kwanza: aende na kibao, aguse, apelekwe, arudi. Shule ikiwa mbali na njia ina mto, ulizia shule shikizi, yaani tawi dogo la shule, iliyo karibu.

Bweni ni habari nyingine. Baadhi ya shule zenye vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu zina mabweni, na mzazi wa kijijini huona mzigo umetuliwa. Mtoto ambaye bado hawezi kueleza, kwa neno au picha, kwamba ameumizwa na nani, asilale mbali na watu wake kama kuna njia nyingine yoyote. Hili hatulilegezi.

Walimu wa shule ya Jumapili, ninyi mna nafasi ambayo hata hospitali hazina. Mstari wa moyo usiwe mtihani wa kusimama mbele. Mpe ashike picha yake wenzake wakikariri. Kwenye pambio mnalolirudia kila wiki, kateni kabla ya neno la mwisho, kanisa lote la watoto linyamaze, mngoje. Kwa baadhi ya watoto wa aina hii neno la kwanza hutoka wakiimba. Likitoka "leluya" badala ya "haleluya", endeleeni kuimba, msipige makofi ya kumshtua.

Sala ya juma hili ni kwa familia zinazoamua kabla ya Januari. Mkisha kuamua, pangeni na tarehe ya kuliangalia tena jambo hili, mwisho wa muhula, Juni. Wekeni daftari dogo jikoni. Kila Jumamosi andikeni, safu ya kwanza, maneno au picha alizotumia bila kukumbushwa, na safu ya pili, mtu gani wa nje ya nyumba alimwelewa. Kama yuko shuleni na safu ya pili ni tupu, kaeni na mwalimu, huenda kibao kinabaki kwenye begi. Kama yuko nyumbani na safu zote mbili ni tupu kufikia Juni, mpango umekwama: nendeni kwa mwalimu mkuu mwezi huohuo, msingoje Januari nyingine.