Bango la mahafali ya 13

Ami yangu alikuwa fundi wa kuandika vibao Chake Chake, na Kiingereza hakukijua. Lakini kazi zake nyingi zilikuwa za lugha hiyohiyo: maduka, gari za abiria, mabango ya skuli. Akinakili kwa jicho tu.

Nilikuwa kidato cha pili, namsaidia kupiga mistari ya chaki, alipokuja mwalimu mmoja na bafta yake na karatasi ya maneno. Mahafali kesho. Karatasi imeandikwa 13rd Graduation.

Ami akaitazama, akaigeuza. "Mwalimu, hii ina walakini. Hapa pana th."

Mwalimu akacheka kwa adabu. Tatu ni 3rd, kumi na tatu itakuwaje tena?

Ami hakubishana. Aliingia ndani akatoka na daftari lililojaa madoa ya rangi, alimohifadhi kila alichowahi kuandika. Akapekua: 11th, 13th, na 12th tele, maana 12th January 1964 ndiyo Mapinduzi yetu. Kurasa za mbele, 21st, 22nd, 23rd.

"Tatu hizi hazifuati mwendo," akasema. "Ukishavuka ishirini, zinarudi."

Kwa nini, hilo hakulijua. Akanigeukia mimi msomi wake. Nikalitamka neno zima polepole, thirteenth, na sote tukasikia: zile herufi mbili ni mkia wa neno lenyewe. First inaacha st, second nd, third rd; eleventh, twelfth na thirteenth zote zinaishia th. Ndiyo maana 101 ni 101st lakini 111 ni 111th. Sisi Waswahili tumejipumzisha: ya 3, ya 13, ya 113, basi.

Mwalimu sasa akataka neno zima badala ya tarakimu, nadhani kwa hofu ya kushikwa tena. Nikamwambia huko nako kuna mitego: ninth haina e ya nine, eighth ina t moja tu, na twelve ikifika hapo v yake inageuka f. Akarudi kwenye tarakimu upesi.

Ikaandikwa 13th kwa rangi nyekundu, th ndogo imepandishwa juu. Ami alikuwa akitoza kwa herufi. Mwalimu akaomba ile th, kwa udogo wake, ihesabiwe herufi moja.

"Mwalimu," akasema Ami, "ndogo ndizo zenye kazi." Akalipwa zote mbili.